Mkasi wa Klara

Waliokuwepo asubuhi ile ya Jumatatu, mwezi wa Februari, kwenye ubao ulio mbele ya karakana ya pikipiki, njia panda ya kwenda Magamba, walikuwa hawa, nikiwataja kwa walivyokaa kuanzia kushoto. Wa kwanza, Kristian Shekulavu, mpasua mbao mstaafu, ambaye bega lake la kushoto limeshuka inchi mbili chini ya la kulia kwa sababu ya miaka thelathini ya kuteremsha mbao za mti wa mkulo kutoka msituni. Kijiwe kinamwita Upande. Wa pili, Tobia Hoza, aliyesoma Middle School enzi za Mwingereza, akafundisha shule za msingi mpaka alipostaafu, na hajawahi kukiita kitu kwa jina lisilo lake. Huyo ni Kamusi. Wa tatu, Abdulaziz Kaniki, mwenye karakana, mdogo wao kwa miaka thelathini, anaitwa Spana. Wa nne, ncha ya kulia kabisa, Emanueli Singano, mwenye kilo mia moja na kumi, aliyekaa miaka ishirini kwenye mashamba ya chai ya Bulwa na hawezi kumaliza sentensi tatu bila kupataja. Kwa hiyo naye ni Bulwa. Wa tano hakukaa kwenye ubao. Huyo ni Secilia, muuza kahawa, mwenye kigoda chake, jiko lake la mkaa na birika.

Ubao wenyewe una sheria. Zamani ulilala juu ya mawe matatu. Mvua za vuli zilizopita ziliondoka na jiwe la kulia, na tangu hapo kila mmoja anasema mwenzake ndiye ataleta jingine. Upande wa Bulwa ukabaki unaelea, na kinachomshikilia asianguke ni uzito wa watatu walio kushoto. Ndiyo maana hakuna anayesimama pale bila kusema kwanza, "Nainuka," ili Bulwa apate kukanyaga chini.

Asubuhi ile Kristian hakugusa kikombe chake. Alikuwa na kitu mapajani, kimefungwa kwenye kipande cha kanga.

— Upande, umefunga nini hapo? Kuku? aliuliza Bulwa.

— Mkasi.

— Unataka kutunyoa?

— Mkasi wa Mama Rahabu, alisema Kristian, akaifungua kanga.

Wote waliujua. Ulikuwa mkasi wa fundi, mweusi, mzito, na mishikio yake iling'aa kwa kushikwa. Klara, mkewe Kristian, mama yake Rahabu, alikuwa ameukatia nguo za nusu ya wanakwaya wa kanisa lao kwa miaka arobaini, mpaka kiharusi cha mwezi wa Oktoba kilipomlaza. Miguu ilirudi. Maneno yalirudi nusu. Vidole vya mkono wa kulia havikurudi. Halafu kulikuwa na jambo ambalo daktari alimwambia Kristian peke yake koridoni, kwamba kiharusi kingine kinaweza kuja, na hakuna wa kusema ni lini. Hilo Kristian hakulileta kijiweni. Alileta mkasi tu.

— Juzi nimemkuta kaushika kwa mikono miwili, alisema. Anataka kuufungua, unamponyoka. Nikamwambia acha, nitakukatia mimi. Akalia. Sasa nauliza, nyie watu wa vyuma. Mkasi huu unaweza kufanywa mwepesi?

Hakuna aliyecheka. Secilia alichukua koleo lake akasogeza kaa moja lililokuwa tayari mahali pake.

— Mkasi, alianza Kamusi, akivua miwani, ni wenzo.

— Tumekwisha, alisema Spana. Mwalimu kaingia darasani.

— Ni wenzo, kijana, na ukikaa kimya utajifunza. Kila wenzo una vitu vitatu. Kuna egemeo, pale unapozungukia. Kuna mzigo, kile unachokishughulikia. Kuna jitihada, yaani nguvu yako. Madaraja ya nyenzo ni matatu, na tofauti yake ni moja tu: nani amekaa katikati. Kwenye mkasi katikati kuna nini?

— Msumari, alisema Bulwa.

— Siyo msumari. Ribiti.

— Haya, ribiti. Imebadilika nini?

— Imebadilika jina. Ribiti ndiyo egemeo, na iko katikati. Daraja la kwanza. Mtaimbo, daraja la kwanza. Mizani ya sokoni, daraja la kwanza.

— Na koleo langu? aliuliza Secilia.

Kamusi alilitazama koleo la mkaa, ukanda mmoja wa bati nene uliokunjwa katikati.

— Hilo egemeo lake liko nyuma, pale lilipokunjwa. Kaa liko mbele. Vidole vyako viko katikati. Jitihada katikati, daraja la tatu. Hilo linakula nguvu zako nyingi kuliko kazi linayofanya, ila linakupa mwendo. Vidole vinasogea kidogo, ncha inasogea sana.

— Mwendo mwingi, nguvu hakuna, alisema Secilia. Kumbe ndiyo wanaume wa kijiwe hiki.

Bulwa alicheka mpaka ubao ukatikisika, na watatu wa kushoto wakajikaza kumshikilia.

— Na ndoa? Ndoa daraja la ngapi, mwalimu? aliuliza Spana.

— La pili, alidakia Bulwa. Mzigo katikati. Baba huku, mama kule, watoto wananing'inia.

— Tumwache Upande na mkasi wake, alisema Kamusi, lakini alikuwa anatabasamu.

Kristian alikuwa haangalii mtu. Alikuwa anafungua na kufunga mkasi polepole, akisikiliza sauti yake. Sauti ile alilala nayo na kuamka nayo miaka yote, ikitoka chumba cha pili, na nyumba ilikuwa kimya tangu Oktoba.

— Mkono wa mtu nao ni wenzo, alisema Kamusi kwa sauti ya chini. Kiwiko ni egemeo. Kiganja kinabeba mzigo. Msuli unavuta katikati. Kwa Mama Rahabu egemeo lipo, mzigo upo. Jitihada ndiyo imeondoka.

— Basi tumtafutie jitihada nyingine, alisema Spana. Mimi nina waya wa breki ya bodaboda. Naufunga kwenye mshikio, naushusha mpaka chini, naweka pedali. Anakanyaga, mkasi unakata. Akiachia, springi inaufungua.

— Akikanyaga kwa nguvu? aliuliza Secilia.

— Naweka na taa nyekundu nyuma.

— Hizo ni pikipiki, alisema Bulwa. Kule Bulwa, nilipokuwa kiwandani, lori la majani lilizama kwenye tope mpaka kwenye bodi. Akaja mtu mmoja mwembamba, kama Spana hivi. Kachukua mti wa mkaratusi, kaweka jiwe, kaning'inia kwenye ncha kama popo. Lori likatoka! Kumbe nguvu si mtu, ni urefu. Mkasi huu ungepewa mishikio ya mita mbili mbili.

— Akatie nguo nje ya nyumba? aliuliza Secilia.

— Nguo ziwe ndani, mishikio itoke dirishani.

— Na wa kuivuta?

— Mbuzi. Mnafunga mbuzi, mnamwekea majani mbele. Akisogea, tap, kipande kimekatika.

— Na mama akitaka kukata kola?

Bulwa alifikiri.

— Mbuzi mwenye adabu, alisema.

Hata Kristian alicheka hapo, na Secilia akaitumia nafasi hiyo kumwekea kikombe mkononi. Bulwa alipoona wamecheka hakukamatika tena. Alisema dunia nzima ni mkasi. Alisema milima hii ya Usambara imekaa juu ya ribiti moja, na ribiti yenyewe ni Magamba. Mlalo iko upande huu, Mombo iko upande ule, na mvua ikinyesha sana Mlalo, Mombo inainuka, ndiyo maana magari ya kutoka Mombo yanapandisha kwa shida.

— Mombo haijainuka tangu iumbwe, alisema Kamusi.

— Ulipima?

Wakati huo akafika mama mmoja anasukuma toroli la plamu lililolalia upande, tairi limekwisha upepo. Alikuwa na miaka kama hamsini, kitambaa cha kijani kichwani.

— Shikamooni wazee. Fundi yuko wapi? Nimepata pancha.

— Marahaba, walijibu watatu. Spana aliyekuwa katikati yao alinyoosha mkono.

— Ni mimi, mama. Karibu. Unatoka wapi?

— Mlalo. Naitwa Zainabu. Nimeshushwa na Hiace na plamu zangu, nikaazima toroli hili pale stendi nizipeleke sokoni. Halijafika popote.

— Nainuka, alisema Spana. Bulwa akakanyaga chini, naye Spana akaenda kulala kifudifudi kando ya toroli.

— Mama Zainabu, alisema Kamusi, unajua unasukuma wenzo wa daraja la pili?

— Nasukuma plamu, baba.

— Tairi mbele ni egemeo. Plamu katikati ni mzigo. Mikono yako nyuma ni jitihada. Ukitaka wepesi, zisogeze plamu karibu na tairi.

Zainabu alisogeza ndoo mbili mbele, akainua mishikio, akaonja uzito.

— Kweli, alisema. Sijawahi kuambiwa.

Kamusi alifurahi waziwazi, jambo ambalo haliji mara kwa mara. Ndipo Bulwa, kwa kuona wivu, akasema wao pale wamekalia mtambo mkubwa kuliko toroli. Ubao huu huu. Spana alete mkasi wake wa bati, uwekwe chini ya ubao, mshikio mmoja ukae ardhini na mwingine uguse ubao, yeye Bulwa akae kwenye ncha. Watu wa kushoto wapunguze uzito kidogo kidogo. Waone kama hautakata.

— Egemeo jiwe, mkasi katikati, wewe mwishoni, alisema Kamusi, akihesabu kwa vidole. Daraja la pili. Kinadharia ni sahihi.

Kamusi akisema sahihi, hakuna wa kubisha. Spana alirudi na mkasi wa bati na kipande cha bati kuukuu. Wakapanga, kila mmoja akarudi kukaa mahali pake. Secilia, aliyekuwa amepisha, aliliweka birika juu ya ncha ya kushoto ya ubao, mahali palipoonekana salama.

— Polepole, aliamuru Kamusi. Upande, jiinue kidogo. Spana, kidogo. Nami kidogo.

Ubao ukashuka upande wa Bulwa. Bati likakatika mpaka mwisho kama jani la mgomba.

Walichosahau ni sheria yao wenyewe. Kristian, Kamusi na Spana, wote kwa pamoja, waliruka kwenda kutazama. Hakuna aliyesema "Nainuka." Bulwa alishuka mpaka chini, ncha ya kushoto ikapaa, na birika likaruka nayo. Kahawa yote ya asubuhi ile ikamwagikia mchanga wa njia panda.

— Mmeona, alisema Bulwa akiwa ameketi ardhini. Inafanya kazi.

— Imekata birika langu, alisema Secilia.

Walimnyanyua Bulwa watu wanne. Waliliokota birika. Walipotulia, Spana akarudi kwenye waya wa breki, Bulwa akarudi kwenye mbuzi, Kamusi akachora mkasi mchangani kwa kijiti. Zainabu alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni, anawasikiliza.

— Huyo mama mgonjwa, aliuliza, anataka kukata nini?

Spana alimtazama Bulwa. Bulwa alimtazama Kamusi. Kamusi alikitazama kijiti chake.

— Maana kitenge kina ulaini wake, aliendelea Zainabu, na jinzi ina ugumu wake. Si mngejua kwanza anachotaka kukata?

Wote wakamgeukia Kristian. Miaka arobaini na tisa ya ndoa. Alikuwa amemwambia Klara acha, nitakukatia mimi. Nitakukatia nini, hakuuliza.

Aliuzungushia mkasi kanga yake.

— Nainuka, alisema, ingawa alikuwa amekwisha kusimama.

Nyumbani alimkuta Klara kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani. Kristian alivuta kigoda akakaa chini yake, kama alivyokaa siku ya kupeleka posa.

— Mama Rahabu. Ulitaka kukata nini juzi?

Maneno ya Klara siku hizi yalikuja moja moja.

— Shati, alisema.

— Shati la nani?

— Lako.

— Nina mashati, mama.

Klara alitikisa kichwa. Alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akaliweka shati la mumewe, la dukani la kuvaa kijiweni, sawa begani, na lilipoachiwa likateleza tena.

— Bega, alisema. Hakuna anayelijua. Ya kanisani nakata upande huu inchi mbili chini. Siandiki popote. Rahabu hajui. Nikitangulia, utavaa ya dukani hata kanisani. Yatakuwa yananing'inia. Watu watakucheka.

Kristian alitaka kusema hawatacheka. Alitaka kusema hutangulii. Alikumbuka maneno ya daktari koridoni, akakumbuka na jinsi alivyosema acha.

— Basi utakata wewe, alisema.

Alifanya kazi siku mbili. Mshikio wa chini aliukaza kwa skrubu juu ya meza. Mshikio wa juu aliuongeza kwa kipande cha mkulo alichokuwa amekihifadhi, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kidole, akakilainisha kwa msasa mpaka nyumba nzima ikanukia msitu. Spana alileta springi ya kuufungua mkasi baada ya kila kukata, wala haikuwa na taa nyekundu. Kamusi alikuja mwenyewe, akavua kofia mlangoni, akamwonyesha Klara kwamba kitambaa kikiingizwa ndani, karibu na ribiti, kinakatika kwa nguvu ndogo kuliko kikiwa kwenye ncha za mkasi.

— Shemeji, alisema Klara, hilo najua tangu nikiwa msichana.

Kamusi akavaa kofia yake.

Vidole vya Klara vilikuwa vimekataa, lakini bega lake bado lilikubali. Alilaza mkono wote wa kulia juu ya mti wa mkulo, akaegemea. Mkasi ukasema neno lake la zamani. Mkono wa kushoto ukasogeza kitambaa. Akaegemea tena. Kristian alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono yake haina kazi, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba hakujaribu kuipa.

— Hongea, alisema Klara kwa Kishambaa, yaani ahsante, bila kugeuka.

Alikata kwa wiki tatu. Siku nyingine mgongo mzima wa shati, siku nyingine urefu wa kidole kimoja tu. Rahabu, binti yao, alikaa karibu, na Klara alimfundisha inchi zile mbili kwa kumshika mkono na kumwekea penye bega la baba yake. Rahabu aliziandika kwenye daftari. Yeye ndiye aliyeshona kwenye cherehani.

Jumatano ya tarehe kumi na tatu Machi Kristian alishuka kijiweni amevaa shati la buluu. Bulwa alimwona kwa mbali.

— Huyu nani? Mbona namwona Upande halafu hayuko upande?

— Kanyooka! alisema Spana. Mzee, bega umeliacha wapi?

— Lipo, alisema Kristian. Limefunikwa tu.

Kamusi alimzunguka taratibu, akaupima mshono wa begani kwa macho, kushoto, kulia, kushoto tena.

— Mizani, alisema.

Zainabu naye alikuwepo na ndoo zake, kwa kuwa siku hizi alipitia pale hata bila pancha.

— Kwa hiyo lilikuwa shati, alisema.

— Lilikuwa shati.

— Tutakuita nani sasa? aliuliza Bulwa. Jina limeisha.

— Niiteni hilohilo, alisema Kristian. Bega lenyewe Mama Rahabu analijua.

Secilia alimmiminia kahawa kutoka kwenye birika jipya. Kristian alikunywa kikombe kimoja tu. Alisema Mama Rahabu amemtaka arudi mapema, kuna kifungo cha pili kutoka juu hakijakaa vizuri, na hataki kikae hivyo mpaka Jumapili ya kanisani.

— Nainuka, alisema.

Bulwa akakanyaga chini. Kristian akasimama, akaweka shati sawa ingawa halikuhitaji, akashika njia ya nyumbani.

Klara Shechambo, mke wa Kristian Shekulavu, alifariki Alhamisi tarehe kumi na nne Machi, saa tisa alasiri, nyumbani kwake.